Mwaka wa Sufuria la Magu

Mwanaisha alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa mezani kwangu Kiseke, nimezungukwa na makaratasi ya maisha ya mtu mwingine. Hakunisalimia sawasawa. Alisema, "Dada Koku, arobaini ya mama ni Jumamosi. Ile karatasi yako tumeikuta kabatini, chini ya vitenge. Juu ya bahasha ameandika uisome wewe." Mama yake, Bi Zuhura, mpishi wa shughuli ambaye hapa Mwanza amewalisha watu wengi kuliko hoteli yoyote, tulikuwa tumemzika mwezi uliopita, na kaburini nililia mpaka nikaishiwa leso. Lakini simu ilipokatika sikulia. Niliinuka, nikazunguka meza mara mbili, nikajikuta nacheka peke yangu. Karatasi ile nilidhani mchwa waliila zamani. Ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kuandika ambayo sioni aibu kuiita yangu, na niliiandika nikiwa na miaka ishirini, katika mwaka mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka mapigo ya moyo yanabadilika.

Mwaka huo nilikuwa mpiga chapa katika duka la Mama Stela, chumba kimoja karibu na soko kuu, chenye mashine mbili za kuandikia na dirisha lililogoma kufunguka. Mama Stela alichukua barua za maombi ya kazi, mikataba ya nyumba na kadi za michango ya harusi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni, nilipewa wasifu wa marehemu. Waliofiwa walikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, macho mekundu, na walitaka kazi yao kabla ya saa nane, maana saa nane ndiyo ibada. Wasifu wote ulifuata njia moja. Marehemu alizaliwa mahali fulani, alisoma shule fulani, alifunga ndoa, enzi za uhai wake alikuwa mcheshi na mpenda watu, aliugua, ameacha mjane na watoto kadhaa, Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi, amina. Baada ya miezi miwili niliacha kuusoma. Nilichukua nakala ya marehemu wa jana, nikabadilisha jina, kijiji na ugonjwa, nikagonga muhuri wa duka. Niliiona ni akili nyingi.

Ndipo wakafa wawili ndani ya siku mbili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kilutheri, mlezi wa kwaya ya akina mama kwa miaka mingi. Wa pili alikuwa Mzee Petro, dalali wa samaki pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa, mtu ambaye kanisani alionekana siku ya harusi yake tu, na inasemekana hata siku hiyo alichelewa. Nilibadilisha jina, nikabadilisha kijiji, nikabadilisha ugonjwa, nikasahau aya ya tatu. Kule Buhongwa, msibani kwa Petro, mbele ya jeneza na umati wa wavuvi na madalali wenzake, mwinjilisti akasoma kwa sauti ya huzuni kwamba marehemu atakumbukwa kwa sauti yake nyororo na kwa kuilea kwaya ya akina mama katika shida na raha. Nasikia mjane aliinua kichwa kutoka kwenye khanga akamuuliza jirani yake, "Kwaya ipi?" Nasikia pia madalali walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake Mama Stela hakunipa kazi yoyote. Alinikalisha kwenye stuli ya nyuma, karibu na makopo ya wino, nisubiri uamuzi. Nikiwa pale aliingia mwanamke mnene kiasi, miaka hamsini na kitu, buibui limekunjwa mabegani, na pamoja naye ikaingia harufu ya bizari na vitunguu vya kukaanga. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Nani kati yenu aliyemfanya Petro mlezi wa kwaya?"

"Ni mimi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyepika pale. Nataka na mimi uniandikie."

Mama Stela alimwambia kwa adabu kwamba wasifu ni wa waliokufa, na kwamba hata hivyo Waislamu wanazika upesi, hawana ratiba ya kusoma makaratasi. Bi Zuhura akavuta kiti bila kukaribishwa. "Najua tunazika upesi. Watasoma siku ya arobaini, nitakuwa sina haraka. Miaka yote hii naitwa kwenye misiba ya Wakristo, wanaleta mchinjaji wetu ili kila mtu ale, mimi napika, nasikiliza nikiwa nyuma ya moshi. Wote wamekufa wema. Sijawahi kupika msiba wa mtu mbaya hata mmoja. Watu wanapiga miayo, wanawaza wali. Juzi kwa Petro ndiyo mara ya kwanza nimeona watu wanasikiliza." Kisha akanigeukia. "Ila kwangu usikosee."

Nilianza kwenda kwake kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa nyuma ya soko, nyumba ya vyumba vitatu vinavyofungukia uani, na maisha yote yalikuwa uani. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani na picha ya Makka, na hapo ndipo aliponikalisha siku ya kwanza, mimi na daftari langu jipya, yeye akiwa amevaa gauni la Idi. Nilimuuliza alizaliwa lini, alisoma wapi, anajivunia nini. Alijibu kila swali kama aliyeitwa baraza la kata. Baba yake fundi wa masanduku ya bati, mama yake mtu wa Ukerewe, alifundishwa kusoma na kisomo cha watu wazima, anamshukuru Mungu. Wiki tatu nikaandika kurasa tano. Niliziandika kwa Kiswahili cha kupendeza, nikaweka alfajiri mbili na machweo matatu. Jumapili ya nne nikamsomea kwa fahari. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Huyu mama ni mzuri sana," akasema. "Anakaa wapi, nikamtembelee?"

Nilitaka kufa. Mwanaisha, binti yake pekee, wakati huo yuko kidato cha pili, alicheka mpaka akaangusha kikombe. Bi Zuhura hakucheka. Alivua gauni la Idi, akajifunga khanga mbili, akanivuta uani ambako akina mama wawili waliomsaidia kazi walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakimenya vitunguu saumu beseni zima. Akanipa kisu. "Usiniulize nilizaliwa lini. Niulize siku hiyo nilikuwa nachemsha nini." Nikamwambia wakati wa kuzaliwa hakuwa anachemsha kitu. Akasema, "Basi mama alikuwa anachemsha."

Sijui nieleze vipi kilichotokea baada ya hapo. Nimeandika vitabu vya maisha ya watu kumi na mmoja, wastaafu, wafanyabiashara, mapadre, na kila mmoja alinikaribisha sebuleni akiwa amevaa gauni lake la Idi. Kazi yangu yote imekuwa kutafuta njia ya kufika uani. Njia hiyo alinionyesha yeye, na siku ile nilikuwa bado nina vitunguu machoni. Nilimuuliza alipika nini siku baba yake alipofariki, akasimulia saa nzima juu ya uji wa ulezi ulioungua, na ndani ya uji ule alikuwemo baba, alikuwemo kaka aliyekataa kuja, ulikuwemo mtaa mzima ukigombana juu ya sanda. Wale akina mama wawili walidakia, wakakanusha, wakamkumbusha. "Siyo ulezi, ulikuwa mtama," mmoja anasema, na hapo hapo hadithi inageuka. Niliandika kwa mkono unaonuka saumu, nikirudi nyumbani nakimbia kwa kuogopa kusahau, napita watu bila kuwasalimia. Mama wa jirani alimwambia Mama Stela nimepata mchumba.

Alinilisha kila Jumapili. Sato wa kuchoma na ndizi, wali wa mchele wa Magu ambao alidai anaujua hata akifumbwa macho, ukoko aliokuwa akiukwangua kutoka chini ya sufuria kubwa akanipa mimi na Mwanaisha tugawane. Sufuria lile lilikuwa zito, la aluminiamu nene, lenye mikono miwili, na karibu na mkono mmoja kulikuwa na vitundu vitatu vya msumari vilivyopangwa mstari. Nililikwangua miezi sita bila kuuliza. Nilipouliza, lilikuwa swali la hivi hivi tu, nikiwa na mdomo uliojaa. "Hivi vitundu ni vya nini?"

Alisema, "Ni alama ya mwenyewe."

Akawatuma wasaidizi wake maji, akakaa. Aliwahi kuolewa Magu, na mtu anayeitwa Hamisi, mkulima wa pamba. Mama mkwe wake, Bi Kabula, ndiye aliyekuwa na sufuria kubwa la kijiji. Kila msiba, kila harusi, lilitoka kwake likarudi kwake, na vitundu vile alivitoboa ili lisipotelee kwa watu. Hamisi alipooa mke mwingine kimya kimya, Zuhura aliambiwa na muuza maandazi, tena mbele za watu. "Sikulia," aliniambia. "Nilitafuta kitu ambacho nikikichukua kitawauma wote. Ng'ombe sikuweza kumbeba." Siku ya mnada, mchana kweupe, alitia nguo zake ndani ya sufuria, akalitwika kichwani, akatembea mpaka barabarani, lori la pamba likamchukua. Watu walimwona. Walidhani amelipeleka msibani.

Nilikuwa nacheka. Niliona ni hadithi bora kuliko zote, tayari naandika kichwani. Akaniacha nimalize kucheka. Siku nne baadaye, akasema, alikufa kaka yake Bi Kabula. Watu walikuja kutoka vijiji vyote, na sufuria la kuwapikia halipo. Walichemsha kwenye vyungu na visufuria vya chai, wazee wakakaa mpaka jioni, wengine wakaondoka na njaa. Kuondoka msibani na njaa. Habari hiyo ilimfikia hapa mjini kwa mtu aliyekuja kuuza mchele, na huyo mtu alisema Bi Kabula hakutoka nje wiki mbili kwa aibu. "Nilitaka kulirudisha," Bi Zuhura akasema. "Kila nikiamua, kesho yake kuna shughuli. Mtu ananiomba nimpikie, nikaanza kuitwa mpishi. Kisha nikazaa, nilikuja nikiwa na Mwanaisha tumboni. Kisha nikasikia Bi Kabula amefariki. Sasa ningelirudisha kwa nani?"

Hatukujua kwamba Mwanaisha alikuwa mlangoni. Alisema, "Mama, hilo lisiandikwe. Wale watoto wa Bi Kabula ndio baba zangu wadogo. Nitaitwa mtoto wa mwizi." Bi Zuhura alimwita akae, akampa kitunguu amenye, wala hakumjibu. Mimi alinijibu nilipokuwa natoka, ameshika mkono wangu kwa mkono wake wa moto. "Ukilitoa sufuria, umenitoa mimi. Utabaki na yule mama mzuri." Nikaapa. Nilikuwa na miaka ishirini, kuapa kulikuwa rahisi.

Mwezi wa mwisho wa mwaka ule nilimletea kurasa nne, bila machweo. Nilizisoma uani, akina mama wakimenya viazi, yeye amefumba macho. Nilipomaliza akafumbua macho, akasema, "Huyu namjua." Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia na unga wake na jasho lake. Wiki hiyo hiyo niliondoka kwenda chuo. Alizichukua zile kurasa akazitia kwenye mfuko wa plastiki, na kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipomtembelea, hatukuzitaja.

Jumamosi ya arobaini nilifika kwake saa tatu asubuhi. Dua ilikuwa imeanza, wanaume kwenye mikeka upande wa ukuta, wanawake upande wa jiko, na jikoni, juu ya mafiga, lile sufuria limejaa pilau, vitundu vitatu vinaonekana chini ya masizi. Mwanaisha, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na ana sauti ya mwalimu mkuu, alinivuta sebuleni. Bahasha ilikuwa mkononi mwake. "Dada, soma yote. Ruka ukurasa wa tatu tu. Umewaona wale watatu karibu na ngazi? Ni baba zangu wadogo, wamekuja kutoka Magu. Mwaka juzi ndiyo tumeanza kutembeleana. Mmoja wao, Mzee Shabani, amebeba mjukuu wangu magotini."

Niseme kweli, nilijua namna ya kuruka. Ndiyo kazi niliyoizoea. Nimewahi kumfuta mke wa kwanza wa mtu mzima na mvi zake kwa sababu watoto wa mke wa pili ndio waliogharamia kitabu. Nimewahi kugeuza kufukuzwa kazi kukawa kustaafu kwa hiari. Unajiambia walio hai wana haki kuliko wafu, na mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwanaisha alikuwa amesubiri maisha yake yote kupata baba wadogo. Mimi nilikuwa nimeapa kwa mwanamke ambaye hawezi tena kunidai. Nilimwambia, "Nitasoma mpaka mwisho wa ukurasa wa pili, nikutazame. Ukitikisa kichwa, ninakunja." Akanipa bahasha.

Nilisoma. Uji ulioungua uliwafanya wazee wacheke, ugomvi wa sanda ukawafanya wanyamaze, na yule aliyebaki kati ya wale akina mama wawili akasema kutoka jikoni, "Ulikuwa mtama." Nilikuwa na miaka hamsini na mitano na nilikuwa na miaka ishirini kwa wakati mmoja. Nikafika mwisho wa ukurasa wa pili. Nikamtazama Mwanaisha. Alikuwa hanitazami mimi, alikuwa analitazama sufuria, ambalo wasichana wa shughuli walikuwa wamelifunua na mvuke unapanda. Akatembea mpaka nilipokuwa, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akasoma ukurasa wa tatu yeye mwenyewe. Alisoma kama anavyosoma majina asubuhi shuleni, polepole, neno halimezwi. Mnada. Lori la pamba. Kaka yake Bi Kabula. Wazee walioondoka na njaa. Alipofika kwenye maneno "alikuja akiwa na mimba ya binti yake", alikwama, akaianza sentensi upya.

Mzee Shabani alimshusha mtoto magotini. Mwanaisha aligeuza ukurasa wa mwisho, akautazama muda mrefu, akanirudishia. "Hii ni yako," akasema. Chini ya maandishi ya mashine, kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa zilizopinda za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, ilikuwepo sentensi ambayo sikuwahi kuiona. Nikaisoma kwa sauti, nifanye nini: "NA HUYU KOKU NDIYE ALIYEMFANYA PETRO MLEZI WA KWAYA. NA HILO LISOMWE."

Alianza kucheka yule bibi wa jikoni, maana alikuwepo Buhongwa siku ile. Kisha wazee wa mtaa waliomjua Petro. Kisha watu wote, na mimi katikati yao, uso unawaka, machozi yananitoka, miaka thelathini na mitano nikidhani mimi ndiye niliyekuwa na daftari, kumbe na yeye alikuwa ananiandika.

Mzee Shabani hakucheka. Alisubiri tumalize, akainuka kwa fimbo, akaenda mpaka jikoni, akainama akapitisha kidole juu ya vile vitundu vitatu, kidole kikatoka cheusi. "Nilikuwepo alipotoboa," akasema. "Nilimshikia msumari." Akamgeukia Mwanaisha. "Mwanangu, pakueni watu wale. Likiisha, lioshwe. Linaondoka na sisi." Mwanaisha akasema, "Ndiyo, baba." Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita mtu hivyo bila kuongeza neno la mdogo.

Tulikula, tena tulikula sana. Saa tisa sufuria lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga mpaka likang'aa, vijana wakalifunga juu ya gari kwa kamba ya katani, Mwanaisha mwenyewe akikagua mafundo. Nilikuwa nimesimama kando na bahasha yangu, nimeridhika, nikidhani kazi imekwisha, Mzee Shabani aliponijia. Nikamwamkia, akaitikia, akaegemea fimbo.

"Mama, umemwandika vizuri aliyechukua," akasema. "Aliyechukuliwa je? Mama yetu hana hata karatasi moja."

Damu ilinienda mbio kama miaka ile nilipokuwa nikirudi nyumbani nakimbia. Sikumuuliza Bi Kabula alizaliwa lini. Nilitoa daftari kwenye mkoba, nikaliegemeza juu ya boneti ya gari, nikamuuliza mama yao alikuwa akipika nini.

"Lini?" akauliza. "Akiwa na sufuria, au akiwa hana?"

Nikamwambia aanze na alipokuwa hana.